Mplamu wa maua au mti wa hapa? Miti minne midogo kwa uwanja wa nyumba Mwanza

Shangazi yangu wa Nyegezi alinipa simu yake nitazame picha. Mti mdogo, hata paa la nyumba haujalifikia, umejaa maua ya waridi kuanzia matawi ya chini hadi kileleni, na jani hakuna. Picha ilitoka kwa binti yake aliyeko Marekani. "Huu ndio ninaoutaka mbele ya baraza," akasema. "Niambie unaitwaje, mwanangu, na miche yake inauzwa wapi."

Jina nilimpa papo hapo: mplamu wa maua. Swali la pili nilimwomba anipe siku chache, kwa sababu mti ule unachanua vile kwa kutegemea kitu ambacho Mwanza hatuna. Na sikutaka kumwambia "haiwezekani" kisha nimwache na uwanja mtupu. Kwa hiyo nimeichukua miti minne na kuipima kwa vigezo vilevile: mplamu wenyewe, lagerstromia, mkomamanga na mfranjipani. Mjakaranda na mkrismasi nimeiacha nje. Ni miti mizuri sana, lakini ni ya barabarani na viwanja vya shule. Ukiipanda mita tatu kutoka ukutani, baada ya miaka kumi utakuwa na ugomvi na ukuta wako.

Jambo moja kuhusu majina kabla sijaendelea. Hapa kwetu neno "plamu" linachanganywa sana na zambarau. Niliwahi kuuziwa mche kwa jina la plamu, nikaumwagilia miezi minane nikisubiri maua ya waridi, ukawa mzambarau. Mzambarau una kivuli kizuri na matunda ambayo watoto wa mtaa mzima watakushukuru kwayo, ila ni mti mkubwa unaopita urefu wa ghorofa nne, na maua yake ni meupe, madogo, hayaonekani kwa mbali. Ukiambiwa plamu, angalia majani. Ya mzambarau ni mazito, yanang'aa, kingo zake ni laini bila meno. Ya mplamu ni membamba na kingo zake zina meno madogo kama ya msumeno.

Vigezo

Cha kwanza ni majira. Mwanza iko kama digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta, karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Mchana wetu wa Januari na wa Julai ni karibu sawa kwa urefu, na usiku wa Julai, ambao ndio wenye baridi zaidi, kwa kawaida huishia kwenye nyuzi joto 15 au 16. Kinachobadilika hapa ni maji: vuli ya Oktoba hadi Desemba, masika ya Machi hadi Mei, halafu kiangazi kinachoanza Juni na kutukausha hadi Septemba. Mti uliozoea nchi kama yetu hupanga maisha yake kwa mvua na ukame. Mti wa nchi za baridi huyapanga kwa baridi. Tofauti hiyo moja inaamua zaidi ya nusu ya mambo utakayoyasoma hapa chini.

Cha pili ni udongo na maji. Wazee wa Usukuma wana majina ya udongo ambayo yanamsaidia mtu wa bustani kuliko kipimo chochote cha dukani. Luseni ni ule wa kichanga, uliotokana na kumomonyoka kwa majabali yetu. Unapitisha maji haraka na rutuba yake ni ndogo. Itogolo uko chini kidogo ya mteremko, una tabaka gumu linalozuia maji na mizizi. Mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni, unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kwenye viatu wakati wa mvua. Kama hujui wako, chimba shimo la kina cha nusu mita, lijaze maji, uyaache yaishe, ulijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiisha ndani ya saa chache, upo kwenye luseni au udongo wa aina hiyo. Yakikutazama hadi kesho yake asubuhi, una tatizo la maji kutuama, na baadhi ya miti hii itaoza hapo.

Cha tatu ni nafasi: ukuta, shimo la maji taka, bomba, nyaya za umeme. Kwa wanaoishi mlimani, kule Isamilo, Bugando au Mabatini, nafasi ni pia kina cha udongo juu ya jiwe. Cha nne ni maua yenyewe: yanakuja lini, yanakaa siku ngapi, yana harufu au hayana. Cha tano ni usalama na kazi, yaani watoto, mbuzi, mchwa, kupogoa na kufagia.

Mplamu wa maua

Majira. Hapa ndipo penye kiini. Mplamu hutengeneza vichipukizi vya maua msimu mmoja kabla, kisha huvifunga na kulala. Wakati wa kulala huwa kana kwamba unahesabu saa za baridi, zile ambazo joto liko chini ya nyuzi 7 hivi lakini juu ya kuganda. Aina nyingi za plamu huhitaji saa mia kadhaa za namna hiyo, nyingine hukaribia 1,000. Hesabu ikitimia na joto likarudi, vichipukizi vyote hufunguka kwa pamoja. Ndiyo maana picha ya shangazi ina maua bila jani: ni mti mzima umeamka asubuhi moja.

Mwanza hesabu hiyo haianzi hata saa ya kwanza. Mplamu usiopata baridi haufi lazima. Unachoka. Huchipua tawi moja leo, jingine baada ya wiki sita, maua matatu hapa, manne pale, na miaka mingine hakuna kabisa. Hutaona ile siku moja ya maua kwa sababu hakuna kilichouambia mti kwamba siku imefika.

Tanzania ina sehemu ambazo mti wa jamii hii unaelewana nazo. Lushoto, kwenye milima ya Usambara, plamu za kula huzaa na kuuzwa kandokando ya barabara kuanzia Soni kwenda juu. Njombe kuna baridi kali kiasi cha kupata jalidi Juni na Julai. Mwenye kiwanja au nyumba ya wazazi huko ana sababu nzuri ya kuujaribu, akianza na aina zenye mahitaji madogo ya baridi.

Ukubwa na nafasi. Kwa hili mplamu ni mti mwema. Ule wa majani ya zambarau iliyokolea, Prunus cerasifera, hufika mita tano hadi saba na nusu. Asili yake ni Uajemi: Mfaransa aitwaye Pissard, aliyekuwa mtunza bustani wa Shah, mfalme wa huko, aliupeleka Ufaransa karibu mwaka 1880, na miplamu mingi ya majani ya zambarau unayoiona kwenye picha za leo imetokana na huo. Kuna wadogo zaidi. Cistena, uliozalishwa South Dakota na Niels Hansen mwanzoni mwa karne ya 20, ni kichaka cha mita mbili hadi tatu tu, na jina lake ni neno la Wasioux, wenyeji wa asili wa Marekani, lenye maana ya mtoto mchanga. Newport ulitoka Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1923. Ukisoma majina hayo ya mahali utaelewa jambo lenyewe: ni sehemu zenye theluji. Waliouzalisha walikuwa wanatafuta mti wa kuvumilia baridi, na waliupata.

Udongo na maji. Unataka udongo unaopitisha maji lakini usiokauka kabisa, na jua la kutwa. Kivulini yale majani ya zambarau hurudi kuwa ya kijani iliyofifia.

Maua. Waridi au meupe, petali tano, kwa muda wa wiki mbili hivi kwa mwaka. Baada ya hapo kinachobaki ni rangi ya majani, na kwa walio wengi huko majuu majani ndiyo sababu halisi ya kuupanda.

Usalama na kazi. Hauishi muda mrefu. Miaka 20 ni umri wa kawaida. Huvamiwa na vidukari na wadudu watobozi wa shina, na kwa kuwa huwa umeunganishwa juu ya shina jingine, hutoa machipukizi chini ambayo lazima uyakate kila mara. Mbegu zake, na majani yaliyonyauka ya miti ya jamii hii, hutoa sumu ya sianidi, kwa hiyo matawi yaliyopogolewa usiwatupie mbuzi. Na kuleta mche kutoka nje ya nchi si suala la kuficha kwenye sanduku la nguo: unahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na cheti cha usafi wa mimea kutoka unakotoka. Nawasihi mlifuate hilo. Ugonjwa mmoja ulioingia na mche wa urembo unaweza kumaliza riziki ya mkulima wa Lushoto ambaye hajawahi kukuona.

Unamfaa nani? Mwenye uwanja nyanda za baridi, na ndugu zetu wanaoishi nchi zenye majira manne. Kwa Mwanza unamfaa tu mtu anayependa majaribio na aliye tayari kuridhika na majani.

Lagerstromia

Huu ndio mti ambao, ukiuonyesha kwa mtu aliyeiona picha ya shangazi, atanyamaza kidogo kabla ya kusema "siyo wenyewe". Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, ndiye aliyeupa jina, kwa heshima ya rafiki yake Magnus von Lagerström. Asili yake ni China na nchi jirani za Asia.

Majira. Hauna haja ya baridi. Maua yake hutokea kwenye matawi mapya, yaliyoota msimu huohuo, na hili ndilo linaloufanya uelewane na kalenda yetu. Ukiupogoa mwishoni mwa kiangazi, Agosti hadi Septemba, mvua za vuli zitaukuta unachipua, na vichipukizi hivyo ndivyo vinavyobeba maua. Ukikata vishada vilivyozeeka kabla havijafanya mbegu, mara nyingi hurudia tena.

Ukubwa na nafasi. Mita tatu hadi sita, na unaweza kuuzuia kwa mkasi. Mizizi yake haina tabia ya kuvunja kuta. Mita mbili na nusu au tatu kutoka ukutani zinatosha. Hapa kuna mtego wa kitaluni: kuna ndugu yake mkubwa, Lagerstroemia speciosa, anayepita mita kumi kwa urahisi. Tofauti ipo kwenye majani. Ya huu mdogo ni mafupi kuliko kidole chako cha kati. Ya yule mkubwa hupita urefu wa kiganja kizima. Wauza miche wengi hawana jina la Kiswahili la kukutajia, kwa hiyo nenda na picha na uulize mti wa maua yenye petali zilizokunjamana kama karatasi laini.

Udongo na maji. Luseni unaufaa ukiongezewa samadi iliyooza vizuri. Itogolo unahitaji uvunje lile tabaka gumu kwa sururu, la sivyo mizizi itazunguka ndani ya shimo kama iko kwenye sufuria. Kwenye mbuga hukua ikiwa utaupanda juu ya tuta. Ukishakomaa hustahimili kiangazi vizuri. Miaka miwili ya mwanzo unahitaji ndoo yake.

Maua. Waridi, zambarau, meupe au mekundu, kwenye vishada vya kukaa juu ya ncha za matawi, kwa wiki kadhaa. Tofauti na mplamu, haya huja pamoja na majani. Harufu ni ndogo au hakuna. Lakini gome lake lina uzuri ambao mplamu hauna: hubanduka vipande vipande na kuacha shina laini la madoa ya kahawia na kijivu, na mwezi wa Julai, mti ukiwa umepunguza majani, hilo shina peke yake linatosha kukusimamisha.

Usalama na kazi. Hauna sumu inayojulikana kwa watu wala mifugo. Adui wake mkubwa ni kivuli. Ukiupanda upande usiopata jua walau saa sita, majani yatapata ubwiri unga, ule ugonjwa wa kuvu unaoonekana kama vumbi la chokaa, na unyevu unaopanda kutoka ziwani huongeza nguvu zake. Vidukari nao huacha utamu unaoota masizi meusi. Kupogoa ni kazi ya mara moja kwa mwaka, na naomba sana: kata vijiti vyembamba na matawi yanayosuguana, usiukate mti mzima ukabaki visiki. Nimeona lagerstromia kadhaa zilizokatwa hivyo, na hazilipati tena umbo lake.

Unamfaa nani? Anayetaka rangi nyingi kwa pamoja, mwenye jua la kutosha, na asiyechoka kushika mkasi mara moja kwa mwaka.

Mkomamanga

Huu hauhitaji utambulisho. Waumini wa dini zetu zote mbili kubwa wanalikuta komamanga ndani ya vitabu vyao, na pwani mti huu una karne nyingi uani mwa watu. Huku ziwani watu huuwaza kama mti wa tunda tu, nami naona tunaudhulumu, kwa sababu maua yake ni mazuri kuliko ya miti mingi iliyouzwa kwa maua.

Majira. Hauhitaji baridi ili uchanue. Kwetu huweza kuchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka, hasa mvua ikirudi baada ya ukame.

Ukubwa na nafasi. Mita mbili hadi tano. Kwa asili yake ni kichaka chenye mashina mengi. Ukitaka mti, chagua shina moja au matatu tangu mwaka wa kwanza na ukate machipukizi ya chini bila kuchoka. Kuna aina fupi sana inayokaa hata kwenye chungu kikubwa barazani.

Udongo na maji. Ni mvumilivu wa ukame na wa udongo maskini. Asiyekuwa na maji ya uhakika auangalie huu kwanza. Kisichoupendeza ni maji ya leo mengi, wiki tatu hakuna, kisha mengi tena: ngozi ya tunda hupasuka.

Maua. Rangi ya moto, kati ya nyekundu na chungwa, petali zilizokunjamana zikitoka kwenye kikombe kigumu kinachong'aa kama nta. Utaona mengine yakianguka bila kuzaa na utadhani mti unaumwa. Tazama umbo. Ua lenye kitako kipana kama mtungi ndilo linalobeba tunda. Lenye kitako chembamba kama kengele ni la kiume, limefanya kazi yake, na kuanguka kwake ni halali.

Usalama na kazi. Matawi yana miiba kwenye ncha, kwa hiyo usiuweke pale watoto wanapokimbizana au kando ya mlango mwembamba. Matunda yakianza kunenepa, yafunge mifuko ya karatasi dhidi ya wadudu watobozi. Mche unautoa mwenyewe kwa pingili ya unene wa penseli, na unaweza kuona maua na matunda ya mwanzo ndani ya miaka miwili au mitatu.

Unamfaa nani? Anayesema "sitaki mti wa kutazama tu". Pia mwenye maji kidogo na mwenye uwanja mdogo kabisa.

Mfranjipani

Nimeubakiza mwisho ingawa ndio rahisi kuliko yote. Unaujua hata kama hulijui jina: matawi manene kama vidole vilivyovimba, utomvu mweupe, maua meupe yenye moyo wa njano, au ya waridi, yenye harufu inayokukuta kabla hujafika getini. Asili yake ni Mexico, Amerika ya Kati na Karibi.

Majira ni jambo la kupendeza hapa. Mti huu hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na mara nyingi maua hutokea kwenye ncha za matawi yakiwa bado matupu. Yaani kile kitu chenyewe kilichomshika shangazi, ua juu ya tawi lisilo na jani, mfranjipani unakitoa hapa Mwanza, na kinachouamsha ni ukame na mvua. Si kwa wingi ule wa plamu, lakini kwa miezi badala ya wiki mbili. Ipo pia aina yenye majani ya ncha butu ambayo haipukutishi, kwa wasiopenda kuona matawi matupu.

Ukubwa wake ni mita tatu hadi sita na mizizi yake haisumbui ukuta. Udongo unaoutaka ni luseni, tena ule duni. Mbuga unauua. Niliupoteza mmoja Buhongwa kwa njia hiyo: masika yalituama, shina likawa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na nilipougusa ukaanguka. Wenye udongo mchache kati ya majabali, huu ndio mti unaoweza kushika pale ambapo mingine mitatu itakwama.

Harufu yake huzidi usiku, kwa sababu inawaita nondo wakubwa wa usiku. Na nondo hao hawapati chochote, maana ua halina nekta. Usalama: utomvu huwasha ngozi na ni hatari ukiingia machoni, kwa hiyo vaa glavu ukikata na uwaonye watoto. Matawi huvunjika kirahisi, na wale wa Capri Point au Bwiru wanaopigwa na upepo wa ziwa moja kwa moja waupande nyuma ya ukuta au nyumba. Mche haununuliwi. Omba tawi la sentimita 30 hadi 50 kwa jirani, lilaze kivulini wiki moja au mbili hadi kidonda kikauke, kisha lichomeke kwenye mchanga. Kulipanda likiwa bichi ni kuliozesha.

Unamfaa nani? Asiye na muda, asiye na fedha ya miche, mwenye jiwe uwanjani, na anayekaa barazani jioni.

Miwili utakayoonyeshwa kitaluni

Tekoma, ile ya kengele za njano, huchanua haraka kuliko yote minne na utashawishika. Tatizo ni mbegu zake: nyepesi, zenye mbawa, zinapeperushwa hadi kwenye mashamba na kando ya mito, na Afrika Mashariki tayari mti huu umeota porini kwa namna ya uvamizi. Ukiupanda, kata maganda yote kabla hayajapasuka. Mwingine ni ule wa majani membamba na maua ya njano kama tarumbeta, thevetia. Kokwa za matunda yake zina sumu ya moyo inayoua. Nyumba yenye mtoto mdogo isiwe nao kabisa.

Uanzie wapi

Irudie ile picha inayokuvutia na ujiulize ni kitu gani hasa ndani yake unachokitaka. Kama ni wingi wa waridi, nenda kwa lagerstromia. Kama ni ua kwenye tawi tupu, mfranjipani. Kama ni yale majani ya zambarau tu, basi huenda huhitaji mti. Uzio wa akalifa yenye majani ya shaba, ambayo vitalu vingi vinayo, utakupa rangi hiyo mwaka mzima kwa kazi ndogo.

Nyumba ya kupanga ambayo huna hakika kama utakuwepo mwaka kesho kutwa: mkomamanga mfupi kwenye chungu, uhame nao. Kiwanja cha mlimani chenye majabali: mfranjipani, au mkomamanga pale udongo unapofika nusu mita. Bondeni kwenye mbuga: lagerstromia juu ya tuta la nusu mita, na mfranjipani usiuguse. Maji ya kubeba kichwani: mkomamanga. Mbuzi wanaozurura mtaani: chochote utakachochagua, kizungushie miti na miiba miaka miwili ya kwanza, kwa sababu mche mchanga hauna rafiki. Una nyumba Lushoto au Njombe: jaribu mplamu, na uwe na subira ya miaka mitatu.

Kupanda ni kulekule kwa yote. Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza, matandazo yasigusane na shina maana hapo ndipo mchwa wanapopandia. Mwanzo wa vuli ndio wakati mzuri, ili mche upate mvua mbili kabla ya kiangazi chake cha kwanza. Kiangazi hicho kikifika, ndoo ya lita 20 kila baada ya siku tatu au nne, kwa lagerstromia na mkomamanga. Mfranjipani unatosheka na robo ya hiyo.

Shangazi alisikiliza yote haya hadi mwisho, kisha akaenda kuchukua jembe. Shimo la majaribio mbele ya baraza lilikauka ndani ya saa mbili, kwa hiyo yuko kwenye luseni. Tawi la mfranjipani ameshaliomba kwa jirani na limelala kivulini nyuma ya jiko. Kati ya lagerstromia na mkomamanga bado anavutana na wajukuu, ambao wanataka matunda.